KUVISHA MAWE NA KUZISAHAU HAKI

Ndugu zetu wasomaji, tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wa darsa swali ambalo kwa hakika ni la watu wengi katika zama zetu hizi. Muulizaji asema: Mtu anapoitengeneza upya nyumba yake, akang'oa sakafu ya simiti akatia vigae, akazifunika kuta za sebule kwa mawe ya mapambo, na meza ya jikoni akaifanya ya granaiti, je, huyo ameingia katika israfu iliyokatazwa, au yuwadhihirisha tu neema aliyopewa na Mola wake?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika miji yetu, tangu Lamu na Malindi mpaka Mombasa na Nairobi, ni nadra kupita mtaa usiokuwa na nyumba inayovunjwa na kupambwa. Vigae vyaletwa na meli kutoka China na India, na vingine hufanywa papa hapa nchini, Athi River na Kajiado. Na kila nyumba moja ipambwapo, nyumba ya jirani huonekana imechakaa, hata ikiwa jana ilikuwa nzuri machoni pa mwenyewe.

Katika kulijibu swali hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba pambo lolote katika nyumba ni dunia, na dunia haina thamani. Basi mwenye kutia marumaru amekwisha potea. Kundi la pili husema: Mali ni yangu, nimeichuma kwa halali, sina haja ya kuulizwa na mtu. Makundi yote mawili yameacha njia ya katikati. La kwanza limeharamisha kisichoharamishwa, na la pili limesahau kwamba mali ya mtu ina haki za watu wengine ndani yake.

Ama kusema kwamba mapambo ni haramu, hilo halina hoja. Mtume (s.a.w.) alipotaja ubaya wa kiburi, aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akawafahamisha kwamba huko si kiburi, na kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe apenda uzuri. Kiburi ni mtu kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na ndani yake mna mizani miwili tutakayoirejea: mzani wa haki na mzani wa watu.

Na Waislamu kwa zamani nyingi wameujua uzuri wa vigae na mawe. Neno la Kiarabu zulayj, maana yake kigae cha rangi, lilivuka bahari likaingia katika lugha za Wahispania na Wareno, nao mpaka leo wakiita kigae azulejo. Katika karne ya 16 Sultani Suleiman wa Uturuki aliufunika kwa vigae upande wa nje wa Kubba ya Mwamba huko Baitul-Maqdis. Na pwani yetu haikuwa nyuma. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, nguzo ya kaburi la kale ilipachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina. Na Lamu, mji ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, zingaliko nyumba za karne ya 18 ambazo kuta zake za ndani zimejengwa zidaka kwa chokaa, safu juu ya safu, mafundi wakazichonga mpaka mtu hachoki kuzitazama. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Lakini chokaa nyeupe na zidaka zile zilikiongeza chumba nuru na nafasi.

Lakini tunapowasifu wazee wetu tusiwasifu nusu. Sehemu kubwa ya mali iliyojenga majumba yale ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani hii ila mwaka 1907. Zidaka twaziona, mikono iliyolipa gharama ya zidaka hatuioni. Basi mwenye akili akisimama mbele ya ukuta mzuri, wa zamani au wa leo, haimtoshi kuuliza: Je, ni mzuri? Yampasa aulize pia: Ni nani aliyelipa?

Sasa tuitazame hadithi ya pili, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na swali letu. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini, naye nyuma yake akachukua kitambaa akakitundika mlangoni. Mtume aliporudi akakiona, uso wake ulionyesha kwamba hakupendezwa, akakivuta akakiondoa, na akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvisha mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata kitambaa kile akafanya mito miwili, akaijaza makumbi ya mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim alibainisha kwamba maneno haya hayafahamishi uharamu. Yafahamisha tu kwamba kuvisha kuta si wajibu wala si jambo la kupendekezwa. Wako wanavyuoni walioshika ukali zaidi, lakini kauli yake yatosha kwa haja yetu.

Mtazame kisa hiki kwa makini. Kitambaa ni kile kile. Kilipokuwa kimetundikwa kwa kutazamwa, kiliondolewa. Kilipofanywa mito ya watu kuegemea, kiliachwa. Hakikutupwa wala hakikuchomwa moto. Kilihamishwa kutoka kwa mawe kikapelekwa kwa watu. Basi hapa ndipo palipo na jibu: pambo linalowatumikia watu wa nyumba ni neema, na pambo linalovisha mawe huku watu wakivuliwa haki zao ni dhuluma, ijapokuwa kila kigae kimenunuliwa kwa pesa ya halali.

Na tuanze na mzani wa haki.

Haki ya kwanza ni ya mdai. Mtu ana deni dukani, au amekopa kwa nduguye miaka miwili iliyopita, na nduguye yuaona haya kumdai. Kisha ghafula lori linasimama mlangoni, na maboksi ya vigae yanateremshwa. Yule mdai apita njia hiyo kila siku akienda sokoni, ayaona. Je, mwasema hakuumia? Mafundisho yetu yamekuhesabu kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Na mwenye kununua marumaru hawezi tena kusema kwamba hana uwezo. Sakafu yake imekwisha mtolea ushahidi. Wala aliye mbaya zaidi hakosekani: ni yule achukuaye mkopo wa riba ili akanyage kinachong'aa.

Haki ya pili ni ya warithi wenziwe. Hili ni jambo linalozivunja nyumba zetu, na watu hulinyamazia. Mzee amekufa, ameacha nyumba moja na watoto wanne wanaume na wanawake, na mirathi haikugawiwa. Mtoto mwenye pesa huhamia, huvunja sebule, hutia vigae na mawe ya Mazeras mpaka nje barazani, bila ya kuwauliza wenziwe. Miaka ikipita, dada yake akija kutaka fungu lake huambiwa: "Nimetia pesa nyingi katika nyumba hii, wewe umetia nini?" Hivyo mapambo yakageuka kuwa hati ya kumiliki. Basi na ijulikane kwamba marumaru hayafuti mirathi. Aliyepamba mali ya shirika bila ya idhini ya washirika hakumpunguzia dada yake hata shubiri moja ya fungu lake. Njia ya haki ni kugawa kwanza, au kuafikiana kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kisha ndipo fundi aitwe.

Haki ya tatu ni ya fundi. Wote twajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwajiriwa, kwamba ujira wake usicheleweshwe. Lakini ni mara ngapi mwenye nyumba hulipa duka la vigae papo hapo, kwa kuwa duka halitoi mzigo bila ya pesa, na fundi akaambiwa aje Ijumaa, na Ijumaa ikawa mwezi? Tena hutafutwa kigae kimoja kilichopinda kidogo, kikafanywa sababu ya kumkata nusu ya ujira. Ikiwa kazi ni mbovu, na irekebishwe. Lakini kuitafuta kasoro ili kuikimbia haki ni hila, na hila haimfichiki Mwenyezi Mungu.

Na fundi ana haki nyingine iliyo kubwa kuliko ujira, nayo ni pumzi yake. Granaiti na mawe mengi magumu yana ndani yake silika. Jiwe likikatwa kavu kwa mashine, hutoka vumbi jembamba hata jicho halilioni, nalo huingia ndani kabisa ya mapafu likayatia makovu. Maradhi hayo huitwa silikosisi, na hayana dawa ya kuyaponya. Hatari zaidi ni yale mawe ya kutengenezwa viwandani kwa unga wa kwatzi na gundi, yapendwayo kwa meza za jikoni, kwani huweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Nchi ya Australia, baada ya kuona wakataji mawe wake, tena vijana, wakipata maradhi haya, iliyapiga marufuku mawe hayo tangu tarehe 1 Julai 2024. Nasi huku twamwona kijana amekaa chini ya mwembe akikata jiwe kavu, amejifunga kitambaa mdomoni, amejaa weupe kichwani kama aliyemwagiwa unga. Kitambaa hicho hakimkingi. Maji yakimiminwa katika jiwe wakati wa kukata, vumbi hupungua sana. Na barakoa iliyofanywa kwa kazi hiyo haigharimu sehemu kubwa ya bei ya jiwe lenyewe. Basi mwenye nyumba anayeweza kulipa granaiti asiseme kwamba hawezi kulipa ndoo ya maji na barakoa.

Huo ndio mzani wa haki. Sasa tuje kwenye mzani wa watu, nao ni kutowadharau.

Wa kwanza wasiodharauliwa ni watu wa nyumba wenyewe. Nyumba nyingi zetu zina sebule iliyopambwa kwa vigae vikubwa vinavyong'aa kama kioo, na imefungwa kwa ufunguo. Hufunguliwa akija mgeni. Watoto na mama yao hukaa ujiani, juu ya mkeka uliokatika, na sakafu ya choo imepasuka. Hapo kitambaa kimetolewa mitoni kikarudishwa ukutani. Mgeni huja mara mbili kwa mwezi akakaa saa moja, na mke huingia jikoni kila siku. Je, ni nani aliye na haki zaidi ya sakafu nzuri?

Tena yafaa mtu ajue anachokichagua, kwani kununua kwa ujinga ni mlango mmoja wa israfu. Kigae laini chenye kung'aa kikipata maji huwa ni utelezi. Nasi ni watu wa udhu. Miguu yetu i maji mara tano kwa siku. Ni wazee wangapi wameanguka chooni wakavunjika nyonga, na hawakusimama tena? Mwenye mama mzee nyumbani na achague kigae chenye uso wa kukwaruza, au vigae vidogo vidogo ambavyo mistari baina yake huushika mguu, na fundi atie mteremko wa kutosha ili maji yasisimame. Kigae hicho hakitasifiwa na wageni. Lakini mama atakayefika katika mswala wake bila ya kuanguka ni pambo lililo bora kuliko yote ya sebuleni.

Na jikoni aulizwe yule apikaye. Marumaru ni ya jinsi moja na chokaa. Ndimu, siki na ukwaju huyala na kuyaachia madoa mepesi yasiyofutika kwa sabuni. Granaiti huyastahimili hayo. Mwanamke anayekamua ndimu kila siku angeliyasema haya mapema lau angeulizwa. Lakini mara nyingi huonyeshwa meza ikiwa imekwisha gundishwa, kisha akalaumiwa kwa madoa.

Na wenzetu wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe, huko Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, wawe na hadhari kubwa. Ukuta ule ulijengwa kwa chokaa, nao hupumua; unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka taratibu kupitia chokaa. Ukiufunika kwa simiti na vigae, unyevu hukosa njia, huzunguka ndani ya ukuta pamoja na chumvi yake, vigae hubanduka, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza kwa siri. Hivyo mtu hulipa pesa nyingi kuiharibu nyumba iliyosimama miaka 200, akidhani kwamba ameitengeneza. Huko chokaa safi ni bora, na ni rahisi pia.

Wa pili wasiodharauliwa ni jamaa na majirani. Yuko jamaa maskini aliyezoea kuja alasiri, akavua viatu, akaketi, akanywa kahawa. Baada ya nyumba kupambwa alikuja mara moja. Aliona jinsi mwenyeji alivyoitazama miguu yake yenye vumbi, na kisha hakuja tena. Hakuna aliyemfukuza. Sakafu ndiyo iliyomfukuza, na macho ya mwenye sakafu. Pambo lililokata udugu ni ghali, ijapokuwa lilinunuliwa kwa bei nafuu.

Huenda mtu akasema: Nyinyi mwatukataza kutumia, na kutumia kwetu ndiko kunakompa fundi, mchukuzi na mwenye duka riziki zao. Twajibu: Maneno haya ni ya kweli, nasi hatukatazi. Fundi wa vigae ana watoto, na kazi yake ni ya heshima. Lakini fundi hupata riziki kwa kulipwa, si kwa kuahidiwa. Na yule anayetengeneza choo cha mama mzee hulipwa kama anayepamba sebule. Hoja hii humfaa mwenye kutimiza haki, na haimfunikii mwenye kuzivunja.

Na huenda mwingine akasema: Mimi nina mabinti wa kuozwa. Wakija watu wa posa wakaiona sebule yangu ya simiti iliyopasuka, watanidharau, na binti yangu ndiye atakayeumia. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, wala hatuwezi kuikejeli, kwa kuwa ni kweli kwamba wako watu waingiao nyumba ya wenyewe wakahesabu vigae kabla ya kuuliza tabia ya msichana. Lakini hapo lawama tuiweke mahali pake. Baba anayekopa ili ajisitiri na macho ya watu ni mwenye kudhulumiwa kabla ya kuwa mwenye makosa. Na wanaomdhulumu ni sisi sote tunaoingia majumbani mwa watu na macho ya wanunuzi. Tukitaka baba huyo apumzike, tuanze sisi kwa ndimi zetu. Tukirudi kutoka posa, tusieleze habari za sakafu. Wala baba naye asidhani kwamba deni ni sitara: watu watakaompenda binti yake kwa ajili ya marumaru watamchoka marumaru yakipitwa na wakati, na deni litakuwa lingali changa.

Haya tuyasemayo juu ya majumba yetu yatupasa tuyaseme pia juu ya misikiti. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na zama ambazo watu watafakhirishana kwa misikiti yao. Msikiti uwe safi, imara na wenye kupendeza. Hilo ni katika kuutukuza. Lakini ikiwa mihrabu inatiwa marumaru mara ya pili, na mwalimu wa chuo kilicho ubavuni hakupata mshahara wake miezi mitatu, basi tumevisha mawe, na aliyebaki bila ya nguo ni elimu.

Kwa hivyo jawabu letu kwa muulizaji ni hili. Kutia vigae na mawe katika nyumba ni jambo la halali kwa asili yake. Kabla ya kulifanya, mtu ahesabu madeni yake ayalipe, au awaridhishe wadai wake. Kisha ahakikishe kwamba nyumba ni yake, na kama ni ya mirathi, wenziwe wameridhika. Kisha awaulize watu wa nyumba ni wapi penye haja, na aanze hapo, ijapokuwa ni mahali ambapo mgeni hapaoni. Kisha apatane na fundi ujira ulio wazi, aulipe kwa wakati wake, na amlinde na vumbi. Akiyatimiza hayo na ikambakia pesa, na aipambe sebule yake kwa kiasi cha uwezo wake, aifungue mlango, na amkaribishe kwanza yule jamaa wa miguu ya vumbi. Hapo hatuwezi kuiita israfu.

Ama aliyeyaruka hayo yote akaenda moja kwa moja kwenye kigae, huyo hata akichagua kilicho rahisi kabisa, amefanya israfu. Kwani israfu haipimwi kwa bei ya kitu peke yake, bali hupimwa pia kwa haki iliyoachwa ili kitu hicho kipatikane.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na wasaa kwa wakaao ndani yake na kwa wazijiao, azitakase mali zetu na haki za wengine, na atuwafikishe sisi na nyinyi kuyatenda tunayoyajua. Amin.